Ich Bin Nani?

Garissa imeshikwa na homa ya Kijerumani. Kaa kwenye kibanda chochote cha chai karibu na Soko Mugdi, na kabla shaah yako haijapoa utamsikia kijana akihesabu eins, zwei, drei huku akitia sukari, kijiko baada ya kijiko, mpaka mwenye kibanda amnyang'anye kopo.

Sababu si siri. Tarehe 13 Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kuwafungulia njia wafanyakazi wenye ujuzi, na kabla wino haujakauka vyombo vya habari vikawa vinataja nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikatoka mbio kukanusha: mkataba hauna idadi yoyote ndani yake. Lakini habari ya kwanza ndiyo inayofika Garissa. Ya kusahihisha hukwama Mwingi. Kisha zikaja habari za madereva watano wa mabasi kutoka Kenya waliokwisha kupokelewa Flensburg, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Denmark. Hapo kila aliyewahi kushika usukani wa basi la Mandera akaanza kuulizia bei ya koti zito. Mtu aliyelinasua basi kwenye matope ya Elwak usiku, abiria wamelala na mbuzi wako juu ya paa, huko Flensburg kuna nini cha kumshinda?

Kipo. Kinaitwa sein, kitenzi chao cha kuwa.

Wengine hawafuati kazi, wanafuata ndoa. Tangu 2007 sheria ya Ujerumani inamtaka mume au mke anayemfuata mwenziwe huko, isipokuwa waliosamehewa, awe ameshajua Kijerumani cha mwanzo, kile cha A1, kabla ya kugongewa viza. Mahari umetoa, shekhe amefungisha, pilau imeliwa, picha zipo. Bado wanataka uwagawie kitenzi kwa nafsi sita.

Sina kinyongo, ila nakumbusha tu kwamba wao walipokuja kwetu hakuna aliyewadai cheti. Clemens Denhardt alipanda mto Tana mwaka 1878, na mwaka 1885 yeye na nduguye wakapatana na Sultani wa Witu, bendera ya Ujerumani ikapepea huko hadi 1890. Carl Peters naye mwaka 1889 aliufuata Tana huo huo kuelekea bara, kwa mtutu wa bunduki, na sijasoma popote kwamba alisimamishwa njiani aseme o-rejeshi. Mmoja tu ndiye ningempa cheti bila kusita, Johann Ludwig Krapf, aliyeteremka Mombasa mwaka 1844, akachapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Huyo amepita. Waliobaki wana deni la darasa.

Mimi ni mtu wa Mvita. Garissa nililetwa na kazi ya duka la dawa, na Kijerumani nililetwa na jirani aliyeniambia kwamba kule mtu akimgeuza mzee kitandani analipwa mshahara. Nikajiandikisha. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi, baada ya sala ya Isha, kwa sababu mchana Garissa hakuna ubongo unaokubali kufanya kazi ya ziada. Tulikaa juu ya mifuko ya saruji. Feni ilikuwa moja. Umeme ukikatika tulibaki gizani tukisikia korongo wale wenye vipara wakigombea matawi nje, na mwalimu, kijana wa Bulla Iftin aliyesoma Nairobi akarudi, akiendelea kufundisha kwa tochi ya simu.

Wanafunzi tulikuwa mchanganyiko. Wauguzi wawili, dereva wa basi, biarusi wa Hamburg na dada yake wa kumlinda, kijana mmoja kutoka upande wa Dadaab, mimi, na Abti.

Abti ni dalali wa ngamia. Abti ni mjomba kwa Kisomali, na yeye umri na sauti vimempa ujomba wa mji mzima. Kwa desturi ya Wasomali naye hukurudishia neno lile lile: wewe unamwita abti, yeye anakuita abti, hesabu imekwisha. Mkewe ni muuguzi Bremen na ana uraia wa huko. Ndoa yao ilifungwa Garissa, bibi harusi akarudi kazini, bwana harusi akabaki na kitabu cha A1. Mwanamume aliyezoea kuuza ngamia arobaini kwa kushikana vidole chini ya shuka, bila kutamka bei, sasa alitakiwa kusema kwa sauti, mbele ya watoto, kwamba yeye ni nani.

Somo la kwanza lilikuwa kujitambulisha. Mwalimu akaandika ubaoni: Ich bin, halafu jina lako. Tukaanza kuzunguka. Ich bin Hassan, akasema dereva. Ich bin Yusuf, akasema kijana wa Dadaab. Ich bin Omar, nikasema mimi. Abti alikuwa anatutazama kwa uso wa mtu anayeonyeshwa ngamia mgonjwa akiambiwa ni mzima.

"Maalim," akasema, "huyu Ich ni nani?"

"Ich ni mimi, Abti."

"Hapana. Ich bin Hassan. Ich bin Yusuf. Ich bin Omar. Mimi nimesoma chuo, najua bin. Wote hawa wanaitwa Ich, na kila mmoja ana baba yake. Mama yao ni nani, na amekaa eda ngapi?"

Darasa la siku hiyo likafia hapo. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba bin ya Wajerumani haihusiani na bin ya Waarabu, kwamba hii ni kitenzi na ile ni mwana. Abti akasema amekubali, lakini kuanzia siku hiyo akitaka kuniita kule sokoni alikuwa anapaza sauti, "Ich bin Omar!", na wauza mitumba wakanizoea kwa jina la Ich. Hadi leo kuna mama muuza maziwa ya ngamia ananiita Ichi.

Ubaoni kukaja safu nzima: ich bin, du bist, er ist, wir sind, ihr seid, sie sind. Hapo ndipo mimi nilipoonja adabu. Nimezaliwa nikitumia ni. Mimi ni, wewe ni, yeye ni, sisi ni, nyinyi ni, wao ni, hata mbuzi ni, hata meza ni. Mswahili anakwenda na ni kutoka Lamu hadi Kigoma, haibadilishi, haiulizi uko na nani. Sasa naambiwa nikigeuka kumtazama mwenzangu kitenzi nacho kigeuke. Nikasema ich ist. Nikasahihishwa. Nikasema wir bin. Nikasahihishwa. Nikauliza kwa nini maneno yenyewe hayafanani hata sura, bin na sind ni ndugu wa wapi? Mwalimu akasema wataalamu wa historia ya lugha wanakiona kitenzi hiki kuwa kimeungwa kutoka mashina matatu ya kale: bin na bist wametoka kwenye shina moja, ist, sind na sein kwenye la pili, na war na gewesen za wakati uliopita kwenye la tatu. Dereva akatikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi. Alishawahi kuendesha gari lililoungwa hivyo, injini ya huku, bodi ya kule, na anajua lilimfikisha wapi.

Haki isemwe, sisi wenyewe si wasafi. Tuna ni, lakini jana tunasema nilikuwa, tukikanusha tunasema si, tukiulizana mahali tunasema niko, nipo, nimo, na tukitaka kuwatoa jasho wageni tunawaletea niliye na tulio. Ila hayo mimi sikujifunza, nilizaliwa nayo, na mtu haoni uzito wa kile alichozaliwa nacho.

Na hapo ndipo Abti alipotutia aibu. Siku ya pili ya safu ile, mimi nikiwa bado napigana na du, Abti alikuwa ameegemea ukuta anaisoma yote bila kutazama ubao, kwa mahadhi ya mtoto wa chuo anayepita juzuu Amma. Wauguzi wakafuata. Biarusi akafuata. Chumba kizima kinaimba, mimi peke yangu nasuasua, mtoto wa pwani, mwenye Kiswahili, niliyekuja Garissa nikidhani lugha ni mali ya kwetu.

Nikamwuliza Abti amekariri lini. Akanishangaa. "Kukariri nini? Hii ni ahay."

Akanihesabia kwa vidole. Kwa Kisomali mimi ni ahay, wewe ni tahay, yeye mwanamume ni yahay, mwanamke ni tahay, sisi ni nahay, nyinyi ni tihiin, wao ni yihiin. Jana nayo ina yake: ahaa, ahayd, ahayn, ahaydeen, ahaayeen. Kwa hiyo mtoto wa Kisomali kabla hajaota meno ya pili anajua kwamba kuwa hubadilika kulingana na nani aliye. Ukimwambia bin, bist, ist, yeye anauliza tu wewe umepeleka wapi ahay yako, anaweka hii mahali pa ile, anaendelea na chai. Hata lile la mwanamke na wewe kutumia umbo moja halimshtui; Wajerumani nao wana sie ya mwanamke, sie ya wao, na Sie ya heshima yenye herufi kubwa, na mwenye tahay mbili hababaiki na sie tatu.

Kinachonikera hadi leo ni kwamba mwalimu, mwenyewe Msomali wa damu, hakuwahi kuitaja ahay ubaoni. Alifundishwa Kijerumani kwa Kiingereza, naye akatufundisha kwa Kiingereza, lugha ambayo nayo ina am na are na is za kuchanganya watu. Tulitoka Garissa tukazunguka London ndipo tufike Berlin, na Abti alikuwa na njia ya mkato mfukoni tangu siku ya kwanza.

Vikwazo vyengine tulivipata pamoja. Ihr seid inatamkwa zait, sawa na seit, neno lao la tangu, na aliyepita madrasa anajua zait ni mafuta, kwa hiyo kila tuliposema nyinyi ni, kuna mtu aliyenong'ona bei ya lita. Lakini hilo ni dogo mbele ya siku ya wakati uliopita. Mwalimu aliandika ich war, du warst, er war, wir waren, akatutaka tuitikie. Alituambia w ya Kijerumani isomwe v. Tukasahau. Darasa zima likapaza sauti, "War! War! War!"

Kwa Kisomali war ndiyo namna ya kumwita mwanamume unapomtaka ageuke. Nje kulikuwa na mzee wa mkokoteni amepumzika. Akasimama. Akaitikia. Watu wa duka la pili wakatoka. Kijana wa bodaboda akasimamisha pikipiki akidhani kuna aliyegongwa. Sisi ndani hatujui, tumefika wir waren, nayo kwa masikio ya mtu aliye nje ilikaribia mno waran, ambao ni mkuki. Sasa jaribu kufikiria: usiku, umeme umekatika, kundi la watu kwenye chumba cha nyuma linaita wanaume na kutaja mikuki. Chifu alifika kabla hatujaanza ihr wart. Mwalimu alimwonyesha kitabu, chifu akakipekua kwa tochi, akakuta picha ya mama mzungu ananunua karoti, akaridhika.

Basi tukadhani tumekijua kitenzi. Kumbe kukijua umbo ni robo ya safari. Umri, kwa mfano. Mswahili anayo miaka: nina miaka thelathini na nne, iko mfukoni mwangu. Nikasema ich habe, nina. Hapana, Mjerumani hana miaka, yeye ndiye miaka: ich bin vierunddreißig. Wasomali nao walikosea kwa njia yao, kwa kuwa Kisomali humfanya mtu aishi miaka yake kwa kitenzi kingine kabisa, jiraa. Angalau hapo tulikuwa sawa. Tarehe ya kuzaliwa haikumsumbua mtu. Nusu ya darasa, kwa mujibu wa karatasi, ilizaliwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo tulijifunza sentensi moja tukagawana.

Halafu joto. Usiku mmoja wa Machi feni ilikufa kabisa. Abti alikuwa na miadi ya kumpigia mkewe kwa video, na mkewe alikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha kazini na wenzake, Wajerumani watupu, waliotaka kumwona huyo mume wa ngamia. Abti akajipangusa uso kwa kikoi, akaiweka simu juu ya mfuko wa saruji, na kwa sauti ile ya mnadani akawaambia wauguzi wa Bremen: "Ich bin heiß!"

Kimya. Kisha kule Bremen kikombe kilianguka. Mkewe alifunika uso kwa mikono miwili. Abti, akidhani hawajasikia, akarudia, na ili kusiwe na shaka akatuzungushia simu sisi sote tuliokuwa tumelowa jasho akasema, "Wir sind heiß!"

Mwalimu aliipokonya simu. Ilibidi biarusi na dada yake watoke nje kwanza ndipo maelezo yatolewe. Mjerumani akisikia joto hasemi yeye ni joto. Husema mir ist heiß, kwangu mimi ni joto, yaani joto lipo na mimi nimekutwa. Ukisema ich bin heiß umetangaza hali ya mwili ambayo mtu mwenye adabu humtangazia mkewe tu, mlango ukiwa umefungwa. Baridi nayo vivyo hivyo, mir ist kalt. Ukisema ich bin kalt unajisifu kuwa huna huruma. Abti alisikiliza kwa makini, akauliza swali moja: kwa nini kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa nchi ya theluji kiliuzwa Garissa bila onyo ukurasa wa kwanza? Nami naungana naye.

Mimi yangu ilinifika nyumbani kwake Abti. Mhandisi mmoja wa visima, Mjerumani, alikuwa anapita kuelekea Wajir, na Abti akamwalika chakula cha usiku ili tumfanyie mazoezi. Sinia lilikuwa na wali, nyama ya ngamia, ndizi mbivu pembeni, basbas ya kukutoa machozi, na maziwa ya ngamia kwenye bilauri ndefu. Nilikula ya kutosha. Abti akanisukumia mnofu mwingine. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha usomi, nikaweka mkono tumboni nikasema, "Danke, ich bin voll."

Mhandisi aliacha kutafuna. Akautazama mlango, akalitazama dirisha, akanisogelea, na kwa Kiingereza cha chini chini, chenye heshima na hamu kubwa, akaniuliza nimepata wapi, na kama imebaki.

Voll ni kujaa, ndiyo. Lakini mtu akisema yeye ni voll, Mjerumani husikia kwanza kwamba amelewa. Aliyeshiba husema ich bin satt. Nami nilikuwa nimelitangaza hilo Garissa, mji ambao pombe si kitu cha kuulizia barabarani, kwenye nyumba ya haji, mbele ya maziwa. Mwenyeji wangu hakuelewa lililopita na hadi leo hajaelezwa. Mhandisi aliondoka alfajiri na nadhani anaamini Garissa ina siri kubwa kuliko tunavyokiri.

Kuhusu mkewe Abti, kuna jambo ambalo silisemi hapa ila kwa kuwa najua Abti hasomi Kiswahili cha magazetini. Baada ya mkasa wa joto alimpigia mumewe, akacheka mpaka akalia, akamwambia, "Du bist ein Kamel!" Kwa Wajerumani hiyo ni kumwita mtu mpumbavu. Lakini hapa kwetu ngamia ni mali, ni mahari, na diya ya mtu mzima ni ngamia mia. Abti alikuja darasani anang'aa. Alilirudia kwa kila mmoja wetu, mke wangu amesema mimi ni ngamia, na kwa Kijerumani! Mwalimu alifungua mdomo, akaufunga. Hakuna aliyekuwa na moyo huo.

Mwisho wa kitabu tulikutana na kanuni ambayo Abti aliipenda kuliko zote. Ukitaka kusema umefanya jambo, kwa Kijerumani unatumia habe: nimekula, ich habe gegessen, nimenunua, ich habe gekauft. Lakini vitenzi vya kwenda na kuja havikubali habe, vinataka sein: ich bin gekommen, ich bin gegangen, ich bin gefahren. Anayelala ana habe. Anayehama ana bin. Abti akasimama. Akasema sasa amewaelewa hawa watu. Babu zao walikuwa wafugaji, hapana ubishi. Ni mfugaji pekee anayejua kwamba mtu hayupo mpaka ahame. Alitamba nayo sokoni wiki nzima, mpaka mwalimu alipofika bleiben, kubaki, ambacho nacho hutumia bin ingawa hakiendi popote. Ich bin geblieben. Abti alikaa chini taratibu. "Hapo wamekosea," akasema. "Waambie." Mwalimu akaahidi kuwaambia.

Siku ya mtihani tulipanda basi la alfajiri kwenda Nairobi. Kwenye daraja la Tana, kama kawaida, tukashushwa, kila mtu na kitambulisho mkononi. Askari akauliza maswali matatu anayouliza kila siku: wewe ni nani, unatoka wapi, unaenda wapi. Kijana wa Dadaab akanigusa kiwiko akacheka. Wer sind Sie? Woher kommen Sie? Wohin fahren Sie? Ndiyo mtihani wa A1 wa kuzungumza, na watu wa Kaskazini Mashariki wameufanya tangu utoto, kwenye jua, bila cheti.

Yeye alikuwa na sababu ya kucheka kuliko sisi. Ni Mkenya, lakini mwaka mmoja wa ukame jamaa zake walijiandikisha kwenye kambi ya wakimbizi ili wapate mgao wa chakula, kama walivyofanya wengi hapa, na alipofika miaka kumi na minane kompyuta ya serikali ilimwambia alama za vidole vyake ni za mkimbizi. Miaka nenda miaka rudi akibishana na mashine kuhusu bin na war. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuuondoa ule mchujo wa ziada wa vitambulisho uliowakabili watu wa kaunti za mpakani, na kijana huyu hatimaye ana kadi. Siku hiyo darajani aliitoa kwa mbwembwe, askari hata hakuitazama.

Chumba cha mtihani wa kuzungumza huingia hadi watu wanne pamoja, na Mungu alinipanga na Abti. Mezani kuna karatasi yenye maneno: jina, umri, nchi, makazi, lugha, kazi, na kile unachopenda kufanya. Mimi nilipofika kwenye umri nikasema ich habe. Nikajisikia nimesema, nikataka kurekebisha, nikasema ich ist. Mtahini aliandika kitu kirefu.

Abti alijitambulisha akiwa amekaa wima, mikono juu ya fimbo. Umri wake aliusema sawasawa. Alipofika kwenye anachopenda akatua kidogo, akasema, "Mein Hobby sind Kamele." Mimi moyoni nikasema amekwisha, Hobby ni moja, ilitakiwa ist. Kumbe ngamia wakiwa wengi Mjerumani hufuata ngamia, na sind ndiyo sahihi. Mtahini akatabasamu, akamwuliza kama nyumbani kuna joto. Nikafumba macho.

"Ja," akasema Abti, polepole, akinitazama mimi. "Mir ist immer heiß."

Alama za kupita ni 60 kati ya 100. Abti amezipita kwa mbali, anangoja miadi ya viza, na ngamia wake wanatunzwa na shemeji. Kijana wa Dadaab amepita. Biarusi yuko Hamburg. Mimi narudia.

Kwa hiyo, wewe unayeandika vitabu vya Kijerumani kwa ajili ya Wakenya, na wewe unayefungua chuo kila penye duka la saruji: ukija Garissa, Wajir au Mandera, Kiingereza kiache Thika. Andika ahay, tahay, yahay upande mmoja wa ubao, na bin, bist, ist upande wa pili, uone kama hamtamaliza kabla ya chai. Kwenye ukurasa wa kwanza weka onyo la joto. Na sisi wachache wa ni tutengee mfuko wetu wa saruji mbele, karibu na feni.